Usiulize Wamesajili Nani, Uliza Wamelipa Nani

Leo najua nitakosana na wengi wenu, kwa hivyo jiwekee chai kwanza halafu usome polepole.

Kila dirisha la usajili likifunguliwa, simu yangu hupata moto. Ujumbe ni ule ule, kutoka Kanduyi, Webuye, Kiminini, mpaka hapa Matisi. "Timu zetu zimelala." "Wenzetu wanasajili, sisi tunaangalia tu." "Sema kitu, wewe uko na wafuasi." Na ni kweli. Ukilinganisha timu za huku kwetu na zile za Nairobi, sisi huingia sokoni kama mama anayenunua nyanya tarehe 28. Anabonyeza moja, anairudisha. Anauliza bei, anaondoka, anarudi. Mwishowe anabeba tatu. Kwa upande wetu zile tatu ni mchezaji huru mmoja, kijana wa mkopo mmoja, na beki aliyemaliza kidato cha nne juzi.

Mimi nasema yule mama yuko sawa. Lakini pia nasema hivi: si kila anayetoka sokoni na kikapu kitupu ni mwangalifu. Wengine hawakuwa na mpango tangu nyumbani. Hiyo tofauti ndiyo nataka tuiongelee leo.

Kwanza nikiri kosa langu.

Mwanzoni mwa 2023, Nzoia Sugar ilikuwa inapaa. Hawa ni watu wa kiwanda pale Bukembe, timu iliyopanda Ligi Kuu 2017 wakati ligi ilipoongezwa kutoka timu 16 hadi 18. Na sasa kuna wakati ilikuwa imekaa kileleni, juu ya Gor, juu ya Tusker. Wakati huo mimi nilikuwa nimeacha chuo juzi juzi, sina kazi, niko na simu yenye kioo kimepasuka na mdomo usiojua kufunga. Nikatoa video nikipiga kelele: ongezeni straika wawili! Ongezeni kiungo! Kombe linakuja Bungoma! Ile video ilitazamwa kuliko kitu chochote nilichokuwa nimefanya. Nikajiona mchambuzi.

Msimu ule Gor Mahia ndio waliochukua ligi. Msimu uliofuata, 2023/24, Nzoia ikashuka daraja. Kutoka kileleni hadi kushuka, mwaka mmoja na nusu hivi. Ile video nimeiacha pale pale. Sijaifuta, kwa sababu huwa narudi kuitazama nikianza kujiona mjanja.

Sitadanganya kwamba najua kila kitu kilichoiangusha. Timu hushuka kwa sababu nyingi. Ninachojua ni kile ambacho khocha wangu aliniambia siku moja tukiwa Kiminini. (Nimesema khocha, kaka ya mama. Sio kocha. Ingawa ukimsikiliza akitazama mpira utadhani ana leseni.) Aliitazama ile video yangu, akacheka, akaniuliza: "Mwiwa, hii timu inalipwa na nani?"

Nikamwambia na kiwanda.

"Na kiwanda kinalipwa na nini?"

Na sukari.

"Basi mshahara wa timu unatoka kwa muwa. Muwa ukiumwa, straika anakohoa. Sasa wewe unaitisha straika wawili bila kuuliza muwa uko aje?"

Nilinyamaza. Madeni ya viwanda vya sukari vya serikali kwa wakulima na wafanyakazi si siri, yamejadiliwa mpaka Bungeni. Mwaka wa 2025 serikali ilikodisha viwanda vinne vya aina hiyo kwa kampuni za kibinafsi kwa miaka 30, na Nzoia ikaenda kwa West Kenya. Yaani wakati mimi napiga kelele za straika, kiwanda chenyewe kilikuwa kinatafuta pumzi. SoNy Sugar ya Awendo ilitimuliwa Ligi Kuu mwaka wa 2019 baada ya kukosa kufika kwenye mechi tatu. Haikufungwa, haikutokea tu. Timu ikikosa nauli, hata ukiwa na straika wa Brazil atafunga akiwa nyumbani?

Sasa wengine mtaniambia hiyo ni shida ya timu ndogo. Sawa, twende kwa wakubwa.

Agosti 2019 SportPesa ilijiondoa kwenye udhamini wa mpira wetu. Gor na Leopards zilibaki na mikataba iliyoandikwa wakati pesa ipo, halafu pesa ikaenda. Kocha wa Leopards, Mnyarwanda Casa Mbungo, aliondoka mwishoni mwa mwaka huo akidai mshahara wake. Akaenda FIFA, na wachezaji kadhaa wa kigeni wakaenda pia. Leopards ikapigwa marufuku ya kusajili. Kocha Patrick Aussems akajikuta anapanga kikosi kwa kutegemea vijana, kwa sababu hakukuwa na njia nyingine. Na Gor? Wakawa mabingwa 2023, halafu wakakosa kucheza Ligi ya Mabingwa Afrika kwa sababu ya leseni na madeni. Fikiria hiyo. Umekimbia msimu mzima, umeshinda, umepewa kombe, halafu mlangoni unaambiwa rudi ukalipe watu kwanza.

Kwa wale hawajui vile hii kitu hufanya kazi: kanuni za FIFA zinasema klabu ikikataa kulipa deni iliyoamriwa, inaweza kuzuiwa kusajili hadi madirisha matatu mfululizo. Na mchezaji ambaye hajalipwa mishahara ya miezi miwili anaweza kuandika barua, akaipa klabu siku 15, na wasipolipa akavunja mkataba akaenda zake. Kama wewe ni mchezaji na unasoma hii, piga picha hiyo sentensi uiweke. Kwa hivyo ule usajili wa mbwembwe, na jezi mpya na tabasamu kwenye picha, unaweza kuwa ndio unaifunga timu mikono kwa mwaka mzima unaokuja. Kama hauna pesa ya kumlipa uliyemsajili, hapo haujajenga timu. Umekopa tu.

Hapa ndipo hii stori inanigusa mimi binafsi.

Kuna jamaa yangu, tulikua pamoja hapa Kitale, nitamwita Beki. Hiyo ndiyo nafasi yake na pia ndivyo alivyo, hapiti mtu. Baada ya shule alipata timu kaunti nyingine. Jina la timu siwapi. Aliahidiwa pesa ya kusaini, mshahara kila mwezi, na nyumba. Mtaa mzima tulimsindikiza stendi, mama yake akambebea hadi unga. Nilimpiga picha ameshika jezi na nikaiweka mtandaoni na moto mwingi.

Pesa ya kusaini aliyoipata ilikuwa nauli. Mshahara wa kwanza ulikuja nusu. Wa pili haukuja. Wa tatu akaambiwa "tuvumiliane, mfadhili yuko njiani". Mwezi wa nne keateka akaweka kufuli yake juu ya kufuli ya Beki. Na wakati huo huo, hii ndiyo inaniuma, ile timu ilikuwa imefungua dirisha na inatangaza wachezaji wapya. Kila mmoja na picha yake. Kila mmoja na jezi na tabasamu. Mashabiki wanaandika moto, moto, moto. Beki alikuwa anaziona hizo picha akiwa amelala kwa sakafu ya rafiki.

Alirudi Kitale na begi moja. Alikuwa na miaka 20. Sasa anaendesha boda, na Jumapili anacheza na sisi. Bado hapiti mtu.

Mimi simcheki kwa sababu najua hiyo hesabu. Chuo niliingia hivyo hivyo. Nilijisajili kwa kitu ambacho hakuna mtu nyumbani alikuwa amepanga kitalipwaje baada ya muhula wa kwanza. Tulifurahia barua ya kuitwa, tukachinja kuku, tukapiga picha. Mwaka wa pili nikarudi. Chuo hakikunikosea na nyumbani hawakunikosea. Tulisherehekea kuingia, tukasahau kuna kubaki. Kwa hivyo ninaposema napenda timu inayoingia sokoni polepole, sio kwamba nimesoma vitabu vya uchumi. Nimelala kwa hiyo sakafu.

Lakini subiri, usinipigie makofi bado, kwa sababu upande ule mwingine una hoja.

Hoja yao ya kwanza ni Kakamega Homeboyz. Majirani zetu. Msimu wa 2021/22 walimaliza ligi na pointi sawa na Tusker, na Tusker ikachukua kombe kwa tofauti ya mabao. Mabao, wasee! Mtu wa Kakamega akikuambia "tungekuwa na straika mmoja zaidi" huwezi kumjibu. Mimi sina jibu. Kuna wakati uangalifu unakunyima kitu ambacho kilikuwa mkononi.

Hoja ya pili ni Kenya Police. Walipanda Ligi Kuu 2021, wakasajili majina makubwa dirisha baada ya dirisha, watu wakawacheka kwamba wananunua tu hawashindi. Wakachukua Kombe la FKF 2024 na ligi yenyewe 2025. Kumbe kununua kunalipa? Ndiyo, kunalipa, kama mshahara unatoka. Nyuma yao kuna taasisi ya serikali, si shamba moja la miwa. Police walinunua kwa mfuko wao. Shida ni sisi kutaka kununua kwa mfuko wa Police.

Na kuna hoja ya tatu, ndiyo nzito zaidi: kuna viongozi wa timu wanaojificha nyuma ya neno "uangalifu". Hawasajili, hawaongezi mikataba, hawasemi kitu, na ukiuliza unaambiwa "tuna mpango wa muda mrefu". Mpango gani? Umeandikwa wapi? Uangalifu wa kweli una kazi nyingi ndani yake. Hawa wamelala tu, halafu wameliita blanketi mpango.

Sasa tofauti utaijuaje? Nirudi kwa khocha, kwa sababu yeye ni mkulima wa mahindi na sisi watu wa Trans Nzoia tunaelewa mambo kwa mahindi.

Mwezi wa tatu mvua ikikaribia, kuna wakulima wa aina tatu. Wa kwanza ananunua mbegu yoyote yenye pakiti inang'aa, kwa mkopo, anapanda shamba lote, halafu anakosa ya mbolea. Wa pili hanunui kitu, anasema anaangalia hali ya hewa. Anaangalia mpaka jirani anavuna. Wa tatu ni khocha. Anajua udongo wake, kwa hivyo anachukua 614, mbegu ya kwetu hapa juu. Anahesabu kwanza mbolea na palizi mpaka mwisho, ndipo anaamua atapanda ekari ngapi. Ekari zinapungua, lakini zote zinavunwa. Hawa wawili wa mwisho wote wanaonekana polepole mwezi wa tatu. Mwezi wa kumi na moja ndio unawatenganisha.

Na usidhani haya ni mambo ya maskini. Nitoke nje ya mpira kidogo niende besiboli, ule mchezo wa Wamarekani wa rungu na mpira mdogo. Desemba 2023 timu ya Los Angeles Dodgers ilimsajili Mjapani Shohei Ohtani kwa dola milioni 700 kwa miaka 10. Kelele dunia nzima. Lakini soma mkataba: milioni 680 kati ya hizo zitalipwa baada ya ile miaka 10 kuisha, kati ya 2034 na 2043. Tarehe zimeandikwa. Hata tajiri aliyeshika pesa zote hizo alikaa chini akapanga atalipa lini. Na timu hiyo hiyo, mwaka wa 2022, ilisajili vijana wawili kutoka Uganda. Uganda hii, ukitoka Bungoma unafika Malaba kabla wimbo wa tatu kuisha kwenye matatu. Walikuja kutafuta mbegu shambani huku wana uwezo wa kununua soko lote.

Sisi tulio ndani ya shamba lenyewe tunafanya nini? St. Anthony's iko hapa Kitale, jina kubwa kwa soka na magongo ya shule nchi nzima. Wiyeta iko hapa Trans Nzoia, wasichana wanaojulikana mpaka fainali za kitaifa. Trans Nzoia Falcons na Bungoma Queens zimecheza Ligi Kuu ya wanawake, mara nyingi bila mtu kuuliza zimelala wapi na zimekula nini. Talanta inatoka mlangoni kwetu kila Novemba mtihani ukiisha, inapanda basi la usiku kwenda Nairobi, halafu miaka mitatu baadaye tunaomba kuikopa.

Kuna pesa pia tunaiacha hapo. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja hadi nyingine kabla mkataba wake kuisha, asilimia 5 ya bei hugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Lakini lazima uwe na karatasi za kuonyesha ulimsajili. Timu ngapi za mtaani hapa ziko na hizo karatasi? Kumsajili vizuri kijana wa miaka 15 ni usajili pia. Hauna picha ya moto, lakini ni usajili.

Kwa hivyo timu ya Bungoma au Kitale ikiniambia "tunaenda polepole", nitaiamini nikiona vitu vitatu.

Kitu cha kwanza, umewaongezea mkataba wale unao kabla ya kutafuta wageni. Beki mzuri uliye naye tayari anajua barabara, anajua kocha, anajua mama wa chapati nje ya uwanja. Kumpoteza bure halafu kutafuta mwingine kwa bei, huo ni uzembe.

Kitu cha pili, mshahara umelipwa mpaka mwezi huu. Hata kama ni mdogo. Useme ni elfu kumi, lipa elfu kumi. Usiseme elfu thelathini ukalipa stori.

Kitu cha tatu, unaongea na sisi. Sema wazi: tuna pesa ya wachezaji 20, si 30. Tutapandisha vijana wanne. Msimu huu tunatafuta kubaki, si kombe. Mashabiki si watoto. Tunaweza kula ugali na sukuma msimu mzima kama mtu ametuambia mapema nyama haipo. Kinachotukasirisha ni kuambiwa nyama inakuja.

Na sisi mashabiki pia tuna kazi. Ni sisi tunaofanya viongozi waogope kuonekana wamelala. Ni sisi tunaobonyeza moto kwenye picha ya jezi mpya na hatuulizi aliyevaa hiyo namba jana alienda wapi. Mimi nilikuwa wa kwanza, ile video bado iko. Kushuka daraja sio kifo: Nairobi United walikuwa bado daraja la pili walipochukua Kombe la FKF 2025 mbele ya Gor, na msimu huo huo wakapanda. Kwa hivyo subira hatujakosa sababu yake. Tumekosa maswali mazuri.

Dirisha likifunguliwa tena, nitafanya hivi, na nakuomba ufanye na mimi. Timu ikiweka picha ya mchezaji mpya, usiandike moto. Andika swali moja tu: wale wa zamani wamelipwa?

Wakijibu ndiyo, hata kama wamesajili mtu mmoja, mimi nitakuwa wa kwanza uwanjani. Nitakuja na Beki, kwa boda yake. Nauli nitamlipa kabla hatujatoka.